Programu Inayokataa Kuanza Kutoka Kwenye Menyu: Somo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Makala haya yanawahusu walimu wa sekondari na wanafunzi wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Linux. Yanachunguza hitilafu moja inayowasumbua wengi: programu ya amri inayofanya kazi vizuri ikiitwa kwa kibodi, lakini isiyotoa hata neno moja ikibonyezwa katika menyu. Hitilafu yenyewe ni ndogo. Namna ya kuitafuta, hata hivyo, ni ileile itumikayo katika maabara ya Fizikia au Kemia, na kwa sababu hiyo inafaa kusomwa hatua kwa hatua.

1. TATIZO LENYEWE

Ichukuliwe kwamba mwalimu wa Hisabati ameandika programu ndogo iitwayo nafasi. Kazi yake ni kusoma faili la alama za mtihani, kuwapanga wanafunzi kuanzia mwenye alama nyingi hadi mwenye alama chache, na kuandika namba mbele ya kila jina. Mwalimu hufungua dirisha la amri, huingia katika saraka ya masomo, huandika neno nafasi na kubonyeza Enter. Orodha hutokea papo hapo.

Wiki ya kufunga shule inakaribia. Walimu wenzake, ambao hawajazoea kuandika amri, wanaomba programu hiyo iwekwe katika menyu ya kompyuta ya ofisi, ambayo wote huitumia kwa jina moja la mtumiaji, yaani mwalimu. Anaiweka. Wanabonyeza. Hakuna dirisha, hakuna orodha, wala hakuna ujumbe wa kosa.

Hapo mashauri huwa mengi. Mmoja asema programu ni mbovu. Wa pili asema kompyuta imeingiwa na virusi. Wa tatu ashauri mfumo mzima ufutwe na kuwekwa upya. Shauri hili la tatu ni la hatari, kwa kuwa alama za muhula mzima zimo ndani ya kompyuta hiyo, na kama hazina nakala mahali pengine zitapotea. Tena hasara hiyo itakuwa ya bure: mfumo mpya utawekwa, programu ileile itarudishwa katika menyu, na hitilafu itakuwa palepale.

Programu hiyo ni fupi sana. Faili la nafasi lina mistari miwili tu:

#!/bin/bash
panga alama.txt

Neno panga ni jina la programu nyingine ya mwalimu huyo, nayo ina mistari hii:

#!/bin/bash
sort -k2 -nr "$1" | nl

Amri ya sort hupanga mistari kwa kufuata safu ya pili, ambayo ni ya alama. Amri ya nl huweka namba. Programu zote mbili zimo katika saraka ya /home/mwalimu/programu, na faili la alama limo katika /home/mwalimu/masomo.

2. TEMINALI NA MIFEREJI MITATU

Ili hitilafu hii ieleweke, yafaa kwanza kukumbuka asili ya dirisha la amri. Mfumo wa Unix, ambao Linux hufuata desturi zake, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati huo mtu alizungumza na kompyuta kwa mashine iliyofanana na taipureta. Alichoandika kilipelekwa kwenye kompyuta kwa waya, na jibu lilipigwa chapa juu ya karatasi. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa teminali. Baadaye karatasi ikaacha nafasi kwa kioo: teminali ya VT100, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital Equipment Corporation, ilionyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Dirisha la amri la siku hizi ni programu inayoiga mashine za namna hiyo.

Programu ya amri huanza kazi ikiwa na mifereji mitatu. Mfereji namba 0 huleta maneno kutoka kwa mtumiaji. Mfereji namba 1 hutoa matokeo. Mfereji namba 2 hutoa ujumbe wa makosa. Programu ikianzishwa ndani ya teminali, mifereji yote mitatu huunganishwa na teminali hiyo. Ndiyo maana mtumiaji huona kila kinachosemwa. Ikianzishwa mahali pasipo na teminali, mifereji huelekezwa kwingine, na aghalabu hakuna binadamu anayetazama huko.

3. MENYU NI NINI

Watu wengi hudhani kwamba kubonyeza jina katika menyu ni sawa na kuandika jina hilo kwa kibodi. Si hivyo. Kila jina katika menyu lina faili lake la maandishi, ambalo jina lake huishia kwa .desktop. Muundo wa mafaili hayo umewekwa na mradi wa freedesktop.org, ulioanzishwa mwaka 2000 ili mazingira mbalimbali ya Linux yapate kuelewana. Mafaili ya mfumo mzima huwekwa katika /usr/share/applications, na ya mtumiaji mmoja katika saraka ya .local/share/applications iliyomo ndani ya saraka yake ya nyumbani.

Faili aliloandika mwalimu lilikuwa hivi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Nafasi za Wanafunzi
Exec=/home/mwalimu/programu/nafasi

Mstari wa Exec husema ni programu ipi ianzishwe. Yafaa kuzingatia kwamba mstari huo hausomwi na mfasiri wa amri kama bash. Husomwa na menyu yenyewe, nayo haijui ufupisho wala mazoea ya bash. Kwa mfano, alama ya ~, ambayo bash huielewa kuwa ni saraka ya nyumbani, katika mstari huu haipanuliwi. Kwa hiyo mwalimu alifanya vyema kuandika anwani nzima.

4. JARIBIO LA KWANZA: JE, PROGRAMU INAANZA?

Ukimya unaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Huenda programu haikuanza kabisa. Huenda pia ilianza, ikafanya kazi au ikashindwa, ikamaliza, lakini sauti yake haikusikika. Kabla ya kutengeneza chochote, hakuna budi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mwalimu anaongeza mstari mmoja katika faili la nafasi, chini ya mstari wa kwanza:

date >> /tmp/ushahidi.txt

Mstari huo huandika tarehe na saa katika faili la ushahidi kila mara programu inapoanzishwa. Kisha anabonyeza jina katika menyu mara tatu, na kulifungua faili hilo. Ndani yake mna saa tatu, zikipishana kwa sekunde chache.

Kwa jaribio hilo moja mashauri mawili yameanguka. Menyu inafanya kazi, na programu inaanza. Haja ya kufuta mfumo haipo tena. Kilichobaki ni kujua programu inasema nini ikiwa mahali pasipo na msikilizaji. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kazi inayofuata ni kuyafichua maradhi.

5. JARIBIO LA PILI: KUIPA PROGRAMU MAHALI PA KUSEMEA

Faili la menyu alilotunga mwalimu halikutaja kwamba programu yake yahitaji teminali. Menyu haiwezi kulibuni jambo hilo yenyewe, kwa sababu programu nyingi za menyu hufungua madirisha yao. Mwalimu anaongeza mstari huu mwishoni mwa faili la menyu:

Terminal=true

Herufi kubwa ya mwanzo ni ya lazima. Ikiandikwa kwa herufi ndogo mstari hautambuliwi. Anabonyeza tena. Safari hii dirisha linafunguka, na kabla jicho halijasoma kitu, linajifunga. Si ushindi, lakini ni habari mpya. Dirisha la namna hii huishi muda ule tu programu inapokuwa hai. Programu ikimaliza, iwe kwa kufaulu au kwa kushindwa, dirisha hufungwa pamoja na maneno yote yaliyokuwamo.

Basi programu na izuiwe isimalize mpaka msomaji aridhike. Mwalimu anaongeza mistari miwili mwishoni mwa faili la nafasi:

echo "Namba ya mwisho: $?"
read -p "Bonyeza Enter ili kufunga. "

Alama za $? humaanisha namba inayoachwa na amri iliyotangulia. Kwa desturi ya Unix, 0 ni dalili ya kufaulu, na namba nyingine yoyote ni dalili ya kasoro. Sasa dirisha linabaki wazi, na ndani yake pameandikwa:

/home/mwalimu/programu/nafasi: line 3: panga: command not found
Namba ya mwisho: 127

Kwa mara ya kwanza programu imesema inachoumwa. Katika mstari wa tatu iliitwa amri ya panga, na bash haikuipata. Namba 127 ndiyo itumiwayo na bash kwa kosa hilo hasa. Hata hivyo, swali kubwa bado halijajibiwa. Amri hiyohiyo ya panga hupatikana bila shida mwalimu anapoandika kwa kibodi. Imewezekanaje ipatikane huku na kukosekana kule, ndani ya kompyuta moja?

6. JARIBIO LA TATU: KULINGANISHA MAZINGIRA MAWILI

Kila programu katika Unix huanzishwa na programu nyingine, nayo hurithi kutoka kwa mzazi wake mkusanyiko wa majina na thamani, uitwao mazingira. Utaratibu huu uliingia katika toleo la saba la Unix, mwaka 1979. Moja ya majina hayo ni PATH, ambalo thamani yake ni orodha ya saraka zinazotafutwa pindi amri inapoitwa kwa jina fupi. Mtoto hurithi alicho nacho mzazi. Asichokuwa nacho mzazi, mtoto hakipati.

Programu iliyoitwa kwa kibodi ni mtoto wa bash iliyomo katika dirisha la amri. Programu iliyobonyezwa ni mtoto wa menyu. Kama wazazi ni tofauti, urithi nao waweza kuwa tofauti, na tofauti hiyo yapimika. Mwalimu anaingia katika saraka ya masomo kama kawaida yake, na kuandika kwa kibodi:

env | sort > /tmp/teminali.txt

Halafu anaongeza mstari kama huo ndani ya faili la nafasi, kabla ya mstari wa read, ila jina la faili la matokeo analifanya /tmp/menyu.txt. Anabonyeza jina katika menyu, kisha analinganisha:

diff /tmp/teminali.txt /tmp/menyu.txt

Mistari inayofanana haionyeshwi; inayohitilafiana ndiyo hubaki. Kati ya iliyobaki, mingine haina uzito, kama ule wa SHLVL unaohesabu idadi ya bash zilizo ndani kwa ndani. Minne ina uzito mkubwa:

< PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/home/mwalimu/programu
> PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
< PWD=/home/mwalimu/masomo
> PWD=/home/mwalimu

Alama ya < huonyesha upande wa teminali, na alama ya > huonyesha upande wa menyu. Chanzo kimeonekana. Zamani mwalimu aliongeza saraka yake ya programu katika PATH kwa kuandika mstari ndani ya faili la .bashrc. Faili hilo husomwa na bash inayozungumza na mtu ana kwa ana. Menyu hailisomi, na bash inayotekeleza amri zilizomo ndani ya faili hailisomi pia. Kwa hiyo saraka ya programu ilikuwamo katika mazingira ya kibodi pekee.

7. TIBA, NA UTABIRI

Tiba ya PATH ni nyepesi. Mstari wa tatu wa faili la nafasi unaandikwa upya kwa anwani nzima:

/home/mwalimu/programu/panga alama.txt

Lakini kabla ya kubonyeza, mwanafunzi makini na asimame kidogo na kutabiri. Ulinganisho ulionyesha tofauti mbili, na hapa imeondolewa moja tu. Tofauti ya pili ni ya PWD, yaani saraka ambamo programu inafanyia kazi. Katika menyu, saraka hiyo ni ya nyumbani. Faili la alama limo katika saraka ya masomo. Kama maelezo haya ni ya kweli, basi panga itapatikana, lakini alama.txt haitapatikana. Mwalimu anabonyeza:

sort: cannot read: alama.txt: No such file or directory
Namba ya mwisho: 0

Utabiri umetimia. Jambo moja katika jibu hilo lastahili kuangaliwa kwa makini. Ujumbe wasema faili halikusomeka, na papo hapo namba ni 0, ambayo ni dalili ya kufaulu. Sababu ni kwamba amri zinapounganishwa kwa alama ya |, namba inayobaki ni ya amri ya mwisho. Amri ya sort ilishindwa. Amri ya nl haikupata mstari wowote wa kuhesabu, ikamaliza salama. Namba hiyo si ya uongo, ila imejibu swali jingine. Ndiyo maana mpimaji hategemei chombo kimoja.

Tiba ya pili huwekwa katika faili la menyu:

Path=/home/mwalimu/masomo

Hapa pana mtego wa majina. Path ya faili la menyu, yenye herufi moja kubwa, ni saraka ya kufanyia kazi. PATH ya mazingira, yenye herufi kubwa zote, ni orodha ya kutafutia amri. Wengi wamepoteza saa nyingi kwa kuziona kuwa kitu kimoja.

Mwalimu anabonyeza kwa mara ya mwisho. Dirisha linafunguka, orodha ya wanafunzi inajipanga kuanzia nafasi ya kwanza, na chini yake pameandikwa: Bonyeza Enter ili kufunga. Mistari ya majaribio, yaani wa date, wa echo na wa env, sasa yaweza kuondolewa. Mstari wa read unabaki, kwa maana bila huo dirisha litajifunga kabla orodha haijasomwa.

8. HITILAFU NYINGINE ZA JAMII HIYO

Mara nyingine jina halionekani kabisa katika menyu. Baadhi ya mazingira, kama GNOME, huficha jina ambalo programu yake haipatikani. Pia faili la menyu likiwa na mstari wa TryExec unaotaja programu isiyokuwapo, jina hufichwa. Amri ya desktop-file-validate hukagua uandishi wa faili la menyu na kutaja makosa yake.

Ikiwa ujumbe unasema ruhusa imekataliwa na namba ni 126, faili limepatikana ila halijapewa idhini ya kutekelezwa. Amri ya chmod +x hutoa idhini hiyo. Faili lililoandikwa katika Windows laweza kuwa na alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na alama hiyo huifanya Linux ishindwe kumtambua mfasiri aliyetajwa katika mstari wa kwanza. Na pale ambapo teminali haiwezi kutumika, mifumo mingi ya siku hizi huhifadhi maneno yaliyopotea katika daftari la mfumo, nalo husomwa kwa amri ya journalctl --user -e.

9. MUHTASARI

Programu ya mwalimu haikuwa mbovu, wala kompyuta haikuwa na virusi. Kilichobadilika ni mazingira. Mche uliostawi katika udongo mmoja ulihamishiwa katika udongo mwingine, na watu wakaulaumu mche. Uchunguzi ulikwenda kwa hatua nne: kuthibitisha kwamba programu inaanza, kuipa mahali pa kusemea, kulinganisha mahali inapofaulu na mahali inaposhindwa, na kuondoa tofauti moja baada ya nyingine, kila mara kwa kutabiri kwanza. Kama mwalimu angalibadilisha mambo manne kwa pamoja, huenda programu ingalianza, lakini asingalijua ni lipi lililoiponya, na mwalimu wa shule jirani asingalifaidika na lolote.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini jaribio la faili la ushahidi lilitangulia majaribio mengine. Lingaliongoza wapi kama faili hilo lingalikutwa tupu?

2. Andika amri ya tty ndani ya dirisha la amri na uandike jibu lake. Kisha weka amri ya tty >> /tmp/jibu.txt ndani ya programu inayoanzishwa na menyu isiyo na mstari wa Terminal=true. Eleza tofauti ya majibu hayo mawili.

3. Mwanafunzi ameandika Exec=~/programu/nafasi katika faili la menyu. Tabiri kitakachotokea, toa sababu, kisha hakikisha kwa jaribio.

4. Mwalimu mwingine aliacha mstari wa Path na badala yake akaweka amri ya cd /home/mwalimu/masomo ndani ya faili la nafasi. Linganisha tiba hizo mbili. Ipi itafaa zaidi ikiwa programu itaitwa pia kutoka saraka nyinginezo kwa kibodi?

5. Taja jaribio moja la Fizikia, Kemia au Biolojia ambalo sharti lake kuu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Onyesha linafanana vipi na ulinganisho wa mazingira uliofanywa katika sehemu ya 6.